Betri kwa moyo ulioshindwa: ncha ya waya ikae wapi?

Mgonjwa ambaye moyo wake umeanza kushindwa kazi akiambiwa anahitaji betri, yaani kifaa cha kuupigisha moyo kwa umeme, ndugu huuliza bei kwanza. Ni haki yao, kwa kuwa wao ndio watakaochanga. Lakini kuna swali linaloweza kuibadilisha hata hiyo bei: ncha ya waya itashikizwa wapi ndani ya moyo? Kiboksi kinachokaa chini ya ngozi karibu na bega hufanya kazi ileile kwa watengenezaji wote. Waya ndio wenye mambo. Ukiwekwa mahali pasipofaa, betri inaweza kurekebisha mwendo wa mapigo huku ikiuchosha moyo uleule uliokuja kusaidiwa.

Ninalinganisha hapa njia tatu: waya wa chumba cha chini cha kulia, betri ya nyaya tatu ambayo madaktari huiita CRT, na njia mpya ya kuuingiza waya kwenye mfumo wa umeme wa moyo wenyewe. Vifaa vingine nitavigusa tu. Nia ni kukuwezesha kukaa mbele ya daktari ukijua cha kuuliza; uamuzi wa mwisho unahitaji vipimo vya mgonjwa mwenyewe.

Anza na karatasi mbili

Karatasi ya kwanza ni ya ECG, mchoro wa umeme wa moyo. Umeme wa moyo huanzia chumba cha juu cha kulia, hupita kituo cha katikati, kisha huingia kwenye kifungu cha His, kilichopewa jina la Wilhelm His, daktari wa Uswisi aliyekieleza mwaka 1893. Kifungu hicho hugawanyika matawi mawili, la kulia na la kushoto, na umeme husambaa kwa kasi hadi vyumba vyote viwili vya chini vikakaza karibu kwa wakati mmoja. Kwenye ECG kazi hiyo huonekana kama mchoro uliochongoka unaoitwa QRS, na kwa mtu mzima mwenye njia nzima upana wake hauzidi milisekunde 120. Karatasi ikiwa imetoka kwa mwendo wa kawaida wa milimita 25 kwa sekunde, mraba mdogo mmoja wa karatasi ni milisekunde 40. Kwa hiyo miraba mitatu ni 120, na inayokaribia minne ni 150. Mashine nyingi huandika namba hiyo juu ya karatasi, huna haja ya kuhesabu.

Tawi la kushoto likiziba, umeme hulazimika kupenya polepole kwenye nyama ya moyo ili kufika upande huo. Ukuta wa katikati hukaza mapema, ukuta wa nje hufuata umechelewa. Ni kama wavuvi wawili wanaokokota juya moja, mmoja akianza kuvuta pale mwenzake anapolegeza kamba. Nguvu inatumika, wavu hausogei.

Karatasi ya pili ni ya ECHO, picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, na namba ya kutafuta humo ni EF, yaani asilimia ya damu ambayo chumba cha chini cha kushoto husukuma nje kila pigo. Zaidi ya 50 kwa kawaida ni nzuri. Mstari unaotajwa zaidi katika habari za betri ni 35.

Kabla ya kuusogelea mstari huo, dawa zipewe nafasi. Miongozo inataka mgonjwa awe ametumia dawa zake kwa dozi zinazostahili kwa miezi isiyopungua mitatu kabla ya kupewa CRT kwa sababu ya EF ndogo: dawa za kundi la bisoprololi au karvediloli, zile za kundi la enalaprili au salakubitrili na valsatani, spironolaktoni, na dapagliflozini au empagliflozini. Wapo ambao EF yao hupanda ikavuka 35 kwa dawa peke yake. Mama ambaye moyo wake umetanuka baada ya kujifungua ni mfano ninaoutilia mkazo, kwa sababu wengi wao hupata nafuu kubwa wakitibiwa vizuri, na kumharakishia betri ni kumbebesha kifaa cha maisha kwa ugonjwa ambao huenda ungeondoka. Mgonjwa ambaye umeme wake umekatika kabisa katikati na mapigo yamebaki 30 kwa dakika ni habari nyingine. Huyo hasubiri miezi mitatu.

Hivyo tuna wagonjwa wa aina mbili. Wa kwanza moyo wake ni dhaifu na mapigo yake ni ya polepole kwa sababu umeme haushuki. Anahitaji betri kwa vyovyote. Wa pili mapigo yake yanatosha, ila QRS ni pana na vyumba havikazi pamoja. Yupo pia wa tatu, mwenye moyo dhaifu, mapigo ya kawaida na QRS nyembamba, na huyo betri ya kupiga mapigo haimsaidii. Utafiti uitwao EchoCRT uliwapima watu 809 ambao QRS yao ilikuwa chini ya milisekunde 130, ukasimamishwa mapema mwaka 2013. Waliowashiwa CRT walikufa asilimia 11.1, na ambao kifaa chao kiliachwa kimezimwa asilimia 6.4. Mtu akikwambia CRT ni nzuri kwa kila moyo dhaifu, mkumbushe namba hizo.

Waya wa kulia peke yake

Hii ndiyo njia kongwe. Betri ya kwanza kupandikizwa ndani ya mwili wa binadamu iliwekwa Stockholm tarehe 8 Oktoba 1958, kwa Arne Larsson. Iliharibika baada ya saa chache tu, lakini mwenyewe aliishi hadi mwaka 2001 akiwa na miaka 86, akiwa amebadilishiwa vifaa zaidi ya mara 20. Siku hizi waya hupitishwa kwenye mshipa wa karibu na bega hadi ncha ya chumba cha chini cha kulia. Ni kazi ya muda mfupi, madaktari wengi wameizoea, na ndiyo ya bei nafuu kuliko zote.

Kasoro yake ni kwamba umeme ukianzia kulia, moyo unafanya kazi kana kwamba tawi la kushoto limeziba. Kwa mtu mwenye moyo imara hilo mara nyingi huvumilika kwa miaka mingi. Kwa moyo dhaifu halivumiliki vizuri. Utafiti wa DAVID uliotoka mwaka 2002 ulichukua watu 506 wenye EF ya 40 kushuka chini ambao hawakuwa na haja ya betri kwa ajili ya mapigo ya polepole. Kundi moja kifaa kilisubiri tu, kikiingia mapigo yakishuka chini ya 40. Kundi la pili kilipiga kwa mwendo wa 70. Baada ya mwaka mmoja, waliokuwa hai na hawajalazwa kwa moyo kushindwa walikuwa asilimia 83.9 kwenye kundi la kwanza na 73.3 kwenye la pili. Yaani kupigiwa mapigo upande wa kulia bila sababu kuliwaumiza.

Je, kuusogeza waya kutoka kwenye ncha hadi kwenye ukuta wa katikati, ukiwa bado kulia, kunaondoa tatizo? Ilitarajiwa hivyo, ila tafiti hazikuonyesha faida ya wazi. Nisingelipa zaidi kwa ajili ya hilo.

Njia hii inabaki na kazi yake. Mgonjwa ambaye betri itaingia mara mojamoja tu haimdhuru sana. Na penye dharura, kwenye hospitali isiyo na kingine, waya wa kulia unaookoa maisha leo ni bora kuliko waya wa kushoto usiopatikana.

CRT, nyaya tatu

Wafaransa ndio walioanzisha, mwaka 1994. Wazo ni kuongeza waya wa kuukamata ukuta wa kushoto uliochelewa, ili pande mbili zipigwe pamoja. Waya huo hauingii ndani ya chumba cha kushoto. Hupitishwa kwenye mshipa unaorudisha damu ya moyo wenyewe, hadi nje ya ukuta wa kushoto.

Katika ushahidi, CRT haina mpinzani. CARE-HF, utafiti wa mwaka 2005 wenye wagonjwa 813, ulifuatilia watu kwa wastani wa miezi 29: waliobaki na dawa tu walikufa asilimia 30, waliopata dawa na CRT asilimia 20. Dawa za siku hizo hazikuwa na nguvu ya hizi za leo, kweli, lakini tofauti ya namna hiyo si ya kupuuzwa. Kwa mgonjwa wa aina ya kwanza, mwenye mapigo ya polepole, kuna BLOCK HF ya mwaka 2013 iliyogawa watu 691 wenye EF ya 50 kushuka chini. Kifo, matibabu ya haraka ya moyo kushindwa au chumba cha kushoto kuzidi kutanuka viliwapata asilimia 55.6 ya waliopigiwa kulia peke yake, na 45.8 ya waliopigiwa pande zote mbili.

Anayenufaika zaidi ni mwenye EF ya 35 kushuka chini, tawi la kushoto lililoziba, na QRS ya 150 au zaidi. Kati ya 130 na 149 bado inafaa kufikiriwa, hasa kwa wanawake, ambao miili na mioyo yao ni midogo na huitikia hata QRS ikiwa haijapanuka sana. Tawi lililoziba likiwa la kulia faida hupungua. Kovu kubwa la shambulio la moyo huipunguza pia, kwa sababu waya hauwezi kuamsha nyama iliyokufa.

Katika hili wagonjwa wa Afrika wana jambo la kwao. Utafiti wa THESUS-HF, uliohusisha wagonjwa 1,006 katika nchi tisa za Afrika zikiwemo Kenya na Uganda, ulikuta wastani wa umri ni miaka 52, chanzo kikubwa ni shinikizo la damu, na moyo ulioharibiwa na mishipa kuziba ni chini ya asilimia 10. Kwa upande wa makovu hiyo ni habari njema. Kwa upande wa umri maana yake ni kwamba kifaa kitaishi na mtu anayefanya kazi na kulea, na kitabadilishwa zaidi ya mara moja.

Ubaya wa CRT nao si mdogo. Takriban mgonjwa mmoja kati ya watatu haoni nafuu inayotarajiwa. Mshipa wa kupitishia waya wa kushoto wakati mwingine haupo panapotakiwa, au ni mwembamba mno. Waya ukikaa karibu na mshipa wa fahamu wa kiwambo, msuli wa kuvutia pumzi, mgonjwa hupata kwikwi zinazofuata mapigo, jambo ambalo mara nyingi hutatuliwa kwa kubadilisha mipangilio ya kifaa. Dawa ya rangi inayotumika kupiga picha ya mshipa huzielemea figo ambazo pengine zimeshachoka. Halafu kuna bei, ambayo ni mara kadhaa ya betri ya kawaida.

Waya kwenye mfumo wa umeme wenyewe

Hoja yake ni nyepesi: badala ya kuupiga ukuta wa kushoto kutoka nje, kwa nini usiingie kwenye njia ya umeme na kuitumia? Daktari Deshmukh na wenzake nchini Marekani walichapisha mwaka 2000 kazi ya kushikiza waya kwenye kifungu cha His kwa wagonjwa 18 wenye moyo uliotanuka, wakafanikiwa kwa 12. Mapigo yalitoka karibu kama ya asili. Lakini kifungu hicho ni kidogo na kimezungukwa na nyuzi ngumu. Waya wakati mwingine huchomoka, na umeme mwingi huhitajika ili kuuamsha moyo, kwa hiyo betri huisha mapema.

Mwaka 2017 Huang Weijian na wenzake wa Wenzhou, China, walieleza mgonjwa ambaye waya ulizungushwa kama skrubu kutoka upande wa kulia, ukapenya ukuta wa katikati hadi karibu kutokezea kushoto, ukalikamata tawi la kushoto chini ya pale lilipoziba. Ndiyo njia iliyovutia watu. Umeme unaohitajika ni mdogo, mara nyingi chini ya volti moja, na waya hushika vizuri kwa kuwa umezama ndani ya nyama.

Matokeo yake yanatia moyo. Jaribio dogo la LBBP-RESYNC la mwaka 2022, lenye wagonjwa 40 wasio na ugonjwa wa mishipa ya moyo, lilikuta EF imepanda pointi 21 kwa waliopata waya wa tawi la kushoto na pointi 15.6 kwa waliopata CRT. Mwaka 2023 ukatoka uchambuzi wa wagonjwa 1,778 kutoka hospitali 15: kifo au kulazwa kwa moyo kushindwa kulitokea kwa asilimia 20.8 dhidi ya 28 za CRT. Hawa wa pili hawakugawanywa kwa bahati nasibu. Madaktari walichagua nani apate nini, na anayechagua huweza kuwapeleka wagonjwa wenye unafuu upande mmoja bila kukusudia. Majaribio makubwa ya kugawa kwa bahati nasibu yanaendelea.

Hatari zake ni za mkono. Waya unaweza kupitiliza na kutokeza ndani ya chumba cha kushoto, unaweza kujeruhi ukuta, au unaweza kuishia katikati ya nyama bila kulikamata tawi, na hapo mgonjwa huondoka akiamini amepata alichoahidiwa. Kinachothibitisha ni ECG ya viongozo 12 inayopigwa palepale mezani, ikionyesha kwamba tawi limekamatwa. Omba nakala yake.

Zikiwekwa mkabala

Kwa ushahidi wa kupunguza vifo, CRT inaongoza, tawi la kushoto linafuata likiwa bado changa, na waya wa kulia uko nyuma kabisa kwa moyo dhaifu. Kwa bei mpangilio unageuka. Njia ya tawi la kushoto hutumia kiboksi cha kawaida chenye nyaya mbili, mmoja wa juu na mmoja wa chini, kwa hiyo gharama ya vifaa hukaribia ile ya betri ya kawaida na si ya CRT. Kwetu, ambako mara nyingi CRT inamaanisha kuuza kiwanja au kuanzisha kundi la michango WhatsApp, hiyo si tofauti ya pembeni. Naiona kuwa sababu halali ya kuchagua, mradi daktari aseme waziwazi kwamba ndiyo sababu.

Kwa utaalamu, waya wa kulia unapatikana sehemu nyingi zaidi. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo ya Uganda pale Mulago, na hospitali kadhaa za Nairobi zinaweka betri. Swali la kuuliza popote utakapokwenda ni daktari huyu ameshaweka waya ngapi za aina hii na mara ngapi alilazimika kurudi nyuma. Daktari mzuri hakasiriki kuulizwa.

Kwa uimara wa chaji, betri ya kawaida mara nyingi hufika miaka 8 hadi 12, na CRT yenye kishtuo cha kuurudisha moyo uliosimama ghafla mara nyingi miaka 5 hadi 8. Kila kubadilisha ni kufungua jeraha upya, na kila jeraha ni nafasi ya wadudu kuingia.

Msimamo wangu: mgonjwa mwenye mapigo ya polepole, EF chini ya 50, na atakayetegemea betri kwa sehemu kubwa ya mapigo yake, asikubali waya wa kulia peke yake bila kuelezwa kwa nini. Hapo tawi la kushoto au CRT ndiyo mazungumzo, na kwa bei naegemea tawi la kushoto penye mkono uliozoea. Mwenye tawi la kushoto lililoziba, QRS 150 na EF 35, CRT iwe ya kwanza ikipatikana. Mshipa ukikataa, au fedha ikikataa, tawi la kushoto ni njia ya heshima. Waya wa His ningeuacha kwa wachache ambao daktari wao ana sababu maalumu.

Mengine yatakayotajwa mbele yako

Kishtuo cha kuurudisha moyo ukisimama ghafla huweza kuunganishwa na CRT, na hupandisha bei sana. Kwa moyo uliodhoofika bila mishipa kuziba, utafiti wa DANISH wa mwaka 2016 wenye wagonjwa 1,116 haukuona kwamba kishtuo kinapunguza vifo vyote kwa jumla, ingawa walio chini ya miaka 68 walionekana kunufaika. Kwa wagonjwa wetu walio vijana zaidi, jambo hilo lijadiliwe na si kupitishwa tu.

Mapigo ya vyumba vya juu yakiwa yamevurugika daima, CRT haifanyi kazi yake mpaka mapigo karibu yote yatoke kwenye kifaa. Wakati mwingine daktari hukata kwa makusudi njia ya umeme ya katikati, inayounganisha vyumba vya juu na vya chini. Katika utafiti wa APAF-CRT wa mwaka 2021, wenye watu 133, vifo vilikuwa asilimia 11 kwa waliofanyiwa hivyo na 29 kwa waliobaki na dawa. Lakini baada ya hapo mgonjwa anaitegemea betri kabisa, na hilo aambiwe kabla.

Betri ndogo isiyo na waya, yenye uzito wa kama gramu mbili, inavutia macho. Hupiga chumba cha kulia, kwa hiyo kwa moyo dhaifu ina tatizo lilelile la njia kongwe. Kipo pia kifaa cha kuongeza nguvu za mkazo kwa wenye QRS nyembamba, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2019. Hakianzishi mapigo, na huchajiwa mara moja kwa wiki. Kwa wasomaji wengi wa hapa hicho bado ni cha kusikia.

Vifaa vilivyotumika na kusafishwa upya navyo si porojo. Mradi wa Chuo Kikuu cha Michigan umevifanyia utafiti katika nchi saba, Kenya ikiwemo, na matokeo ya mwanzo yaliyotangazwa mwaka 2024 hayakuonyesha maambukizi kuzidi ya vifaa vipya.

Kabla ya kusaini

Uliza jina la mtengenezaji, kisha uliza kama mashine ya kukisoma kifaa hicho ipo karibu na nyumbani. Kifaa cha Medtronic hakisomwi na mashine ya Abbott, wala cha Biotronik na ya Boston Scientific. Wanaokwenda kuwekewa India wakarudi Mombasa au Mwanza hulisahau hili mpaka siku ya kliniki. Na CRT isiyosomwa wala kurekebishwa hupoteza sehemu ya faida iliyolipiwa.

Uliza asilimia ya mapigo ambayo kifaa kinatarajiwa kupiga. Uliza kama nyaya na kiboksi kwa pamoja vinaruhusu kipimo cha MRI. Uliza bima, SHA kwa Kenya au NHIF kwa Tanzania, inalipia nini hasa: kiboksi, nyaya, au siku za wodini tu. Chukua kadi ya kifaa, ipige picha, mtumie ndugu mmoja anayeaminika. Dawa ziendelee kama zilivyokuwa. Baada ya CRT mara nyingi daktari hupata nafasi ya kuongeza dozi ambazo mwanzo mapigo ya polepole yalizizuia.

Jeraha lisilowe kwa wiki ya kwanza, na mkono wa upande huo usiinuliwe juu ya bega kwa wiki chache, hadi waya ushike. Likivimba, likiwa jekundu au likitoa maji, rudi hospitali siku hiyohiyo hata kama tarehe ya kliniki bado.